Bonde Liko Upande Gani

Meza ya kulia ilirudi kuwa meza siku ya Jumanne jioni. Kwa wiki tatu ilikuwa barabara: ramani iliyofunika ubao wote, kalamu za rangi, simu inayochajiwa, na vikaratasi vya njano vyenye saa na kilomita, ambavyo mtu akipiga chafya vinahama mji. Watu wa nyumba ile walikula sahani zikiwa mapajani. Kwa hiyo binti alipokusanya kila kitu, akakitia ndani ya faili moja na kusema, "Nimemaliza," baba yake aliweka sahani yake mezani taratibu, kama mtu anayerudishiwa nyumba yake.

Lakini aliyeshusha pumzi ndefu kuliko wote alikuwa mama.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, dirisha likitazama barabara, na alikuwa na jina ambalo hakulichagua: Mama Tahadhari. Alibandikwa na wifi yake, mwenye saluni ya mlango wa pili, na mtaa mzima ukalipokea bila kuuliza sababu, kwa kuwa sababu ilikuwa wazi. Machoni pa mama huyu kila ngazi ilikuwa na mtu anayekaribia kuteleza, kila pasi ilikuwa imesahauliwa kwenye umeme, na kila simu iliyolia wakati asioutarajia ilikuwa imebeba msiba. Mgeni akiaga nyumbani kwake alisindikizwa kwa maonyo: mbwa wa nyumba ya kona, waya ule unaoning'inia, mfuniko wa mtaro uliovunjika. Shule aliishia darasa la sita, lakini macho yake hayakuishia popote.

Binti yake wa pekee alikuwa na miaka miwili kwenye kampuni ndogo ya safari, akipokea simu na kuandika majina ya watu wanaokwenda kutembea. Leseni ya kuendesha basi dogo alikuwa nayo, maana baba yake, dereva mstaafu wa malori, alimfundisha kushika usukani kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Kazi aliyoitamani ilikuwa ya kupanga safari na kuzisimamia. Sasa meneja alikuwa amempa nafasi moja ya kuonyesha anachoweza: apange peke yake safari ya gari, ya kutazama mandhari, kutoka mji wao hadi mji wa pili, kisha aiendeshe mwenyewe. Ikienda vizuri, kazi ni yake. Ikiharibika, anarudi kwenye simu, na mwenzake anachukua nafasi.

Miji yote miwili ni mikongwe. Wa kwao una lango la mawe na kuta nene ambazo watoto hupanda na mama zao hupiga kelele chini. Wa pili una ngome juu ya kilima na mitaa ya ngazi tupu. Kati yake kuna barabara mbili. Ya chini ni mpya, imenyooka kama rula, na hakuna cha kutazama isipokuwa malori na mabango ya sabuni. Ya juu ni ya zamani, inapita milimani, inashika ukingo wa bonde refu, na waliokwenda mara moja huisimulia mpaka uzeeni. Wageni waliotaka kwenda walikuwa walimu wastaafu kumi na watatu, waliowahi kufundisha shule moja, na waliitaka ya juu.

"Mama," binti alimwambia siku alipoikubali kazi ile, "nina ombi moja."

"Sema, mwanangu."

"Safari hii niachie. Usiulize breki. Usiulize matairi. Usiseme lolote mpaka nirudi."

Mama alifungua kinywa, akakifunga. Alijua kwa nini anaombwa. Mwaka uliopita binti alikuwa amechelewa kurudi kutoka kuwapokea wageni, na mama akapiga simu ofisini, akamuuliza meneja mwenyewe kama gari lao lina breki. Meneja alijibu kwa adabu. Lakini wafanyakazi wenzake na binti walilidaka swali lile, na kwa miezi mitatu kila alipoingia ofisini walimuuliza kama mama amemruhusu kuvuka barabara.

"Nakuahidi," mama alisema. "Sitasema neno."

"Apa."

"Kwani mimi ni mtoto? Nimesema sitasema."

Akakaa na ahadi hiyo wiki tatu. Aliona ramani zikitandazwa, akameza mate. Alimsikia binti akihesabu kona, akaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Wifi yake alimwambia, "Wifi, unapungua. Maneno yamekujaa tumboni hata chakula hakina pa kukaa." Kwa hiyo Jumanne ile, faili lilipofungwa na yeye akiwa hajavunja ahadi, alilala kama gunia.

Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya safari, binti alimwachia kazi kabla ya kwenda ofisini. Alitaka mifuko kumi na mitatu ya kitambaa, ya kufungwa nyuma ya viti vya basi, kila mmoja uingie karatasi ya ratiba na chupa ndogo ya maji. Kazi hiyo mama aliipenda. Ilikuwa njia ya kuwemo safarini bila kufungua kinywa. Aliweka ratiba moja mbele yake ili apime upana wa mfuko, akakata kitambaa kigumu cha kijani, akaanza kushona.

Mfuko wa tatu ulipokwisha akapumzisha mguu, akaisoma ile karatasi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na kadiri alivyosoma kifua kilimjaa. Ilikuwa imepangwa vizuri. Kuondoka langoni saa moja. Daraja la mawe, dakika ishirini. Nyumba ya zamani ya ushuru, chai. Kisha: Bonde. Litakuwa kulia kwenu. Tutasimama kwenye maegesho mapana, kushoto.

Kidole kikasimama hapo.

Mama Tahadhari alikuwa amepita barabara ile mara moja tu maishani, miaka ishirini na minane iliyopita, akiwa bibi harusi wa wiki mbili ndani ya lori la mumewe. Mume alishika usukani, kulia. Yeye alikaa kushoto, upande wa mlango. Na chini ya dirisha lake, mahali ambapo panapaswa kuwa na ardhi, hapakuwa na kitu. Alishika mkono wa mlango mpaka vidole vikafa ganzi, kisha tumbo likamgeuka, akatoa kichwa nje, na mtandio wake mpya ukachukuliwa na upepo ukashuka bondeni ukizunguka kama karatasi. Waliporudi alikataa njia ile katakata, wakazunguka siku nzima. Mambo mengi ya ndoa yake alikuwa ameyasahau. Hilo la upande wa bonde hakulisahau.

Akainuka, akaenda sebuleni. Mumewe alikuwa ameitawanya redio kwenye gazeti, akiitengeneza bila kuombwa na mtu.

"Mzee. Lile bonde la barabara ya juu. Ukitoka huku kwenda kule, liko upande gani?"

"Ule ule uliouachia mtandio."

"Kushoto."

"Kushoto."

"Hawajaihamisha barabara?"

Mzee akanyanyua macho. "Mke wangu, barabara utaihamishia wapi? Kulia ni mlima mtupu."

Akarudi kwenye cherehani, akakaa, akaitazama karatasi kama inavyotazamwa nguo iliyokataa kumtosha mtu. Binti yake si mjinga. Alikwenda mwenyewe kuikagua ile njia, wiki mbili zilizopita, akarudi na picha mia. Sasa ilikuwaje?

Jibu lilimjia mikononi kabla ya kumjia kichwani. Zamani, alipokuwa mwanafunzi wa ufundi, aliwahi kushona mashati manane ya sare, mifuko yote ikakaa kulia. Alikuwa amechora kwa chaki vizuri, amepima vizuri, isipokuwa alichora upande wa ndani wa kitambaa. Ukikigeuza, kushoto inakuwa kulia. Fundi wake alimfumulisha mifuko yote minane bila kusema neno.

Binti alichora upande wa ndani. Siku ile ya ukaguzi alikwenda mji wa pili kwa basi la abiria, kwa barabara ya chini, kwa sababu gari la kampuni lilikuwa huko gereji. Akalichukua huko, akarudi nalo kwa barabara ya juu. Kila alichokiona, alikiona akirudi. Kila kulia na kila kushoto aliviandika akirudi. Nyumbani akaipindua orodha, wa mwisho akawa wa kwanza, akapanga saa upya. Pande hakuzipindua.

Mama akachomoa karatasi ya pili ndani ya faili aliloachiwa na binti, ile ya viti. Nayo ikamwambia jambo baya zaidi. Kiti namba nne, dirisha la kushoto: mwalimu wa hesabu. Binti alikuwa ameandika kando kwa kalamu: anaogopa sana kutazama chini kutoka juu, akae upande wa mlima.

Kushoto hakukuwa upande wa mlima. Mwanamke mzima, mwoga kama yeye, alikuwa amewekewa kiti juu kabisa ya lile shimo, kwa nia njema.

Na maegesho. Akarudi tena kwa mumewe. "Yale maegesho mapana karibu na bonde, unayajua?"

"Yako upande wa mlima. Ukitoka huku ni lazima ukate barabara kwenda ng'ambo, na pale ni kona. Humwoni anayekuja, naye hakuoni." Mzee akaweka bisibisi chini. "Mbona unauliza?"

Akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo siku nyingine lingemletea kesi.

"Mwambie," alisema.

"Nimeahidi kunyamaza."

"Basi nimwambie mimi."

"Atajua nimekutuma. Wewe lini ulisoma ratiba?"

Mzee akarudia bisibisi yake, maana ni kweli.

Wifi aliingia saa sita, kitana kikiwa kwenye nywele zake mwenyewe, akaja kuazima uzi kama kawaida yake ya kuazima asichokihitaji. Alimtazama wifi yake mara moja tu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Bado, unataka kusema. Haya, leo ni nini? Gesi? Mbwa?"

Akaambiwa. Kwa mara ya kwanza wifi hakucheka. Aliketi juu ya rundo la vitambaa, akafikiri, huku akizungusha kitana.

"Mimi sipendi kukusifu," alisema mwishowe, "unajua hivyo."

"Najua."

"Lakini mara elfu umeona moto pasipo moshi, leo umeona moto. Ukisema, ataitwa tena mtoto wa mama. Atakununia mwezi. Usiposema je? Utakaa hapo kesho unashona, na gari likikata ile kona?"

Mama Tahadhari alikuwa ameshaanza kushona mfuko wa nne, mbio, kama mtu anayekimbizwa, na wifi akavua viatu, akakaa kumkatia uzi.

Saa tisa alikuwa mlangoni pa kampuni, mifuko kumi na mitatu mkononi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye kioo mbele, picha za milima ukutani, meza tatu, na feni iliyopuliza karatasi za watu wote, na si watu wenyewe. Meneja alikuwa na miwani aliyoivaa juu ya paji la uso kutwa nzima. Alipomwona alisimama.

"Shikamoo, mama. Karibu. Breki tumezipima jana, na matairi ni mapya."

Wafanyakazi wawili wakainamisha vichwa kwenye kompyuta zao, mabega yakitikisika. Binti alikuwa amesimama kando ya printa. Uso wake ukafungwa kama duka.

Lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Angeweza kulitema mbele ya wote, akatua mzigo, akaondoka mwepesi. Akajikaza.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Mimi nimeleta mifuko tu. Nataka mtu wa kunishikia wakati nafunga. Huyu binti atafaa."

Basi lilikuwa limeegeshwa uani, limeoshwa, lina harufu ya sabuni. Wakaingia wawili. Binti alifunga mlango nyuma yake akasimama, mikono kiunoni.

"Mama, uliahidi."

"Sijasema kitu. Kaa hapo kwenye usukani."

"Kwani mifuko inafungwa kwenye usukani?"

"Kaa tu, mama yangu. Mimi nimechoka kusimama." Na yeye mwenyewe akaketi kiti namba nne, kando ya dirisha la kushoto, akaweka mifuko mapajani. Binti alikaa kwenye usukani, akimpa nusu mgongo, kwa kuudhika.

"Siku ile uliporudi na gari kutoka kule, ulikaa hivyo?"

"Nilikaa hivi. Sasa ningekaaje?"

"Lile bonde uliliona dirisha gani?"

Binti hakufikiri. Akanyoosha mkono wa kulia, akaonyesha kioo cha kulia. "Hili."

"Vizuri. Na kesho," mama alisema taratibu, "hurudi. Unakwenda."

Mkono ulibaki hewani. Mama aliutazama ule mkono, namna ulivyokuwa ukisita, namna ulivyoanza kushuka kidogo kidogo mpaka ukatua juu ya usukani. Nje mtu alikuwa akifagia ua. Kisha binti akageuka, akaangalia kiti namba nne na mama yake aliyekaa juu yake.

"Mwalimu wa hesabu," alisema.

"Ndiyo."

"Nimemweka bondeni."

"Ndiyo."

"Na maegesho. Ningefika nitafute kushoto, nikute ni ukingo. Nikiona yako kulia ningekata. Kwenye kona ile, na watu wote hawa." Alifunika uso. "Orodha nilipindua. Saa nilipindua. Hata vyoo nilipindua. Pande sikupindua."

"Mimi niliwahi kushona mifuko minane kulia."

"Hiyo ni mifuko, mama."

"Najua."

Kisha binti akaondoa mikono usoni. "Umejua saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Sasa ni saa tisa." Akamtazama kama anamwona upya. "Umekaa saa tano bila kusema? Wewe?"

"Mwulize shangazi yako. Nusura nipasuke."

Binti alicheka kicheko kilichochanganyika na kitu kingine, akajifuta macho kwa kiganja. Mama akainuka. "Twende, nikamweleze meneja kwamba ni kosa dogo tu, kwamba—"

"Hapana. Hilo niachie."

Na mama akaketi tena. Kati ya mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililomgharimu zaidi.

Kupitia dirisha la basi, na kioo cha ofisi, aliona yote bila kusikia hata neno. Binti alisimama mbele ya meza, akaweka karatasi, akaanza kueleza kwa mikono, huu huku, huu kule. Meneja alikuwa ametabasamu mwanzoni. Kisha akaishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa machoni. Mama hakuwahi kumwona akifanya hivyo. Akasoma karatasi ya kwanza. Akasoma ya pili. Wale wafanyakazi wawili walikuwa wameacha kuandika. Akasema jambo fupi. Binti akatikisa kichwa kukataa, kisha akanyoosha kidole kuelekea uani, kuelekea basini, na watu wote mle ndani wakageuka kumtazama mama aliyekaa kiti namba nne na mifuko ya kijani. Hakujua afanye nini. Akapunga mkono.

Meneja akaja mwenyewe, akapanda ngazi za basi.

"Mama, binti amenieleza, na amenieleza nani aliyeliona. Sasa tuna shida moja. Kushoto, upande wa bonde, hatujui pa kusimama. Anasema baba yake atajua."

Wakampigia mzee, simu ikawekwa kwa sauti ya juu.

"Kabla ya mteremko mkubwa," sauti ya mzee ilikuja, ikiwa na furaha ya mtu aliyeulizwa jambo baada ya miaka mingi, "kuna mahali malori yalikuwa yanapoza breki. Upande huo huo wa bonde. Pana kama uwanja, na ukuta wa mawe unaokufika kifuani. Anayetoka kule hapaoni, mwamba unaficha. Ukitoka huku huwezi kupapita bila kupaona. Hapo mtu unaliona bonde lote bila kuvuka barabara."

"Bado papo, mzee wangu?"

"Wakati wangu palikuwepo. Sasa waulize walioko."

Meneja hakuridhika na wakati wa mzee. Alitafuta namba ya kituo cha mafuta kilichoko huko juu, akauliza, akasubiri mtu atoke nje kumuuliza mwenye pikipiki. Mama alihesabu viti mara nne wakati wanasubiri. Jibu likaja: papo, na mwaka juzi pamewekwa lami.

Ghafla mama akasikia njaa, kwa mara ya kwanza tangu saa nne.

"Safari inaondoka," meneja alisema. Akamgeukia binti. "Uamuzi wa kazi nitautoa ukishafika. Lakini ungenificha hili, ningekwisha kuutoa sasa hivi." Akairudisha miwani juu ya paji. Binti akakimbilia printa. Mwalimu wa hesabu akahamishiwa kulia, nyuma ya dereva, na karatasi kumi na tatu mpya zikatoka zikiwa moto. Mama na mwanawe wakafunga mifuko, huyu mbele, huyu nyuma, na hawakusemeshana sana, ila binti alipofika kwenye mfuko wa mwisho alisema, "Imekaa sawa, mama," naye akajibu, "Kitambaa kigumu hakina taabu."

Alhamisi asubuhi binti aliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Mama alimfungulia mlango. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga, mvua, ukungu, wenye pikipiki. Akayatazama yakipita.

"Nenda, mwanangu."

"Nitapiga saa tisa, tukifika."

Siku ile fundi alishona mikono ya gauni, akaifumua, akaishona tena. Mzee alikaa karibu na redio yake, akisikiliza kwa makini, ingawa ilikuwa imezimwa. Wifi alikuja kuazima uzi mweupe, kisha mweusi, kisha mkasi, kisha akaja mikono mitupu akasimama tu mlangoni. Saa tano ilikuwa saa ya bonde. Hakuna aliyeitaja. Mzee aliangalia saa ya ukutani, mama akaangalia saa ya ukutani, na wifi, ambaye alikuwa na mteja mwenye rangi kichwani, akasema nywele za siku hizi huchelewa kushika.

Saa tisa ikafika. Ikapita. Saa tisa na robo. Mama aliiweka simu kifudifudi, akaigeuza. Alikuwa ameahidi kunyamaza mpaka binti arudi, kwa hiyo hakupiga. Saa tisa na nusu alikwenda jikoni, akafungua bomba, akasahau alitaka nini. Simu ikalia chumbani, na hakumbuki alivyofika.

"Mama. Tumefika."

Akaketi chini, pale pale sakafuni, katikati ya vipande vya nguo.

"Mama, upo?"

"Nipo. Mbona mmechelewa?"

"Walimu, mama. Hawatoki mahali. Pale darajani kila mmoja alikuwa anafundisha, na hakuna mwanafunzi."

"Na pale pa malori?"

"Nilipaona kutoka mbali kama baba alivyosema. Nikaingia bila kukata barabara. Walikaa nusu saa. Wengine walilia, si kwa hofu, kwa uzuri tu."

"Na yule wa hesabu?"

Kikasikika kicheko. "Alilala. Alisinzia tulipoondoka nyumba ya ushuru, akalala mpaka bonde likaisha lote. Alipoamka akauliza liko wapi, wakamwambia limekwisha. Amenigombeza kwa nini sikumwamsha. Anataka turudi kwa njia ile ile, ajaribu kulitazama."

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, mkono ukiwa kinywani, na mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni akimsoma usoni, akaegemea ukuta na kufumba macho.

"Mama, sijamaliza. Meneja amepiga. Amesema Jumatatu nisikae kwenye simu. Nina meza yangu, nianze kupanga safari ya mwezi ujao."

"Kweli?"

"Kweli. Ameniambia nikusalimie. Haya, wananiita, wanataka kupanda ngome na wengine wana magoti."

Simu ilipokatika mama hakuinuka mara moja. Alimweleza mumewe yote, kwa mpangilio, bila kuruka. Kisha akajiinua, akajifuta nyuzi, akatoka kwenda mlango wa pili.

Saluni ilikuwa na wateja wawili, mmoja kichwa kimesukwa nusu, mwingine amefungwa taulo, na wote wawili walikuwa wamekwisha kuhadithiwa, kwa sababu alipoingia mikono ilisimama na hakuna aliyemsalimu.

"Wamefika," alisema. "Na kazi amepata."

Wifi akashusha pumzi, kisha kwa haraka akajifanya anatafuta kitana. "Si nilikwambia," alisema, ingawa hakuwa amemwambia. "Unahangaisha watu bure. Kaa hapo, mwenyewe kichwa chako kama nyasi. Leo nakuosha bila wewe kunieleza maji yana moto kiasi gani."

Mama Tahadhari akaketi, akalaza shingo nyuma kwenye beseni. Maji yalikuwa na moto zaidi ya anavyopenda. Hakusema. Mwanamke wa nywele nusu akauliza barabara ile ina bonde refu kiasi gani, na wifi akaanza kujibu kama mtu aliyelipima, akiongeza chumvi kidogo hapa na pale. Alipofika kwenye kona akainama kumuuliza wifi yake jambo, akakuta macho yamefumbwa na mdomo umeachama.

Akafunga bomba. Akakunja taulo, akalitia taratibu chini ya shingo ya wifi yake.

"Semeni polepole," aliwaambia wateja. "Huyu hajalala tangu binti yake azaliwe."